Sisimizi wa Kwedizinga

Siku niliyostaafu nikakabidhi funguo za chumba cha kujifungulia, wenzangu vijana waliniandalia pilau, wakanivisha kanga mpya, wakaniomba niseme neno. Nikasema mawili matatu ya kawaida, watu wakapiga makofi. Neno nililotaka kulisema hasa halikufaa kusemwa watu wakiwa na pilau mdomoni. Kwa hiyo ninaliandika hapa kwangu Makuyuni, kuku wakinizunguka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna mtu wa kunigongea dirisha. Ni habari ya sukari ya mimba. Nyinyi mnaoisoma kwenye mwongozo mnajua inavyopimwa. Mimi nataka mjue inavyoonekana ikiwa imekaa ndani ya nyumba ya watu na hakuna anayelijua jina lake.

Nilianza kazi Handeni nikitoka chuoni, na viatu vyeupe ambavyo vumbi la huko liliviondoa weupe kabla mwezi haujaisha. Mkuu wetu wa wodi ya wazazi alikuwa Mama Mhina, mkunga mtu mzima aliyekulia Old Korogwe, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee. Siku ya kwanza hakunionyesha vitanda wala kabati la dawa. Alinipeleka kwenye chumba kidogo cha vipimo, akawasha taa ya spiriti, akamimina dawa ya bluu kwenye bomba la kioo, akadondosha mkojo wa mama mmoja mjamzito, akaanza kuchemsha.

"Tazama tu," akasema. "Usiulize."

Dawa ikabaki bluu. Akamwaga, akaosha bomba, akachukua mkojo wa mama mwingine. Safari hii bluu ikageuka kijani, kijani ikawa njano, njano ikaiva taratibu mpaka ikatulia kwenye rangi ya tofali lililochomwa. Sikuwa nimeona kitu kigeuke namna ile bila kuongezwa chochote.

"Hiyo ni sukari," Mama Mhina akasema. "Mwenyewe hana habari. Yuko pale benchi anacheka."

Nilichungulia dirishani. Kweli alikuwa anacheka. Alikuwa amenawiri, ngozi inang'aa, kuliko wote pale nje. Mpaka leo nikimwona mjamzito anapendeza sana, kabla sijamsifia huwa namtazama mara ya pili. Wengi wamedhani nina wivu.

Mama Mhina ndiye aliyenifundisha kwamba mkojo unadanganya. Mjamzito mzima kabisa anaweza kutoa sukari kidogo kwenye mkojo, na mwenye tatizo anaweza kukuletea mkojo safi kwa sababu tu hajala. Akanifundisha na dawa yake ya udanganyifu huo: "Muulize habari za watoto waliotangulia. Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu." Hilo la kunyamaza lilinichukua muda mrefu kulijua kuliko vipimo vyote.

Aliondoka kazini akarudi Old Korogwe, mimi nikarithi kiti chake, ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nimekiacha hapo hapo, bado ni mfupi. Dawa ya bluu nayo ikapotea, vikaja vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, kisha ikaja mashine ndogo ya kutoboa kidole. Niliipenda mashine ile. Tatizo lake ni kwamba bila vijiti vyake ni pambo, na vijiti vilikuwa na tabia ya kuisha wiki ambayo unavihitaji.

Mwajuma alikuja kliniki mvua za vuli zikiwa ndiyo zimeanza. Benchi letu la kusubiria mnalijua, watu hubanana mpaka mtu akiinuka nafasi yake haionekani. Siku hiyo upande mmoja ulikuwa wazi. Alikaa peke yake mwishoni, mwanamke mrefu wa miaka ya ishirini na kitu, mikono juu ya tumbo, na kati yake na mwenzake wa karibu kulikuwa na nafasi ya kutosha watu watatu. Nilidhani kuna aliyetapika. Nikaenda kuangalia. Sakafu ilikuwa kavu.

Nilimwingiza ndani kabla ya zamu yake. Hakuna aliyelalamika, na hilo nalo halikuwa la kawaida.

"Mimba ya ngapi hii?"

"Ya nne."

"Walio hai wangapi?"

Akatazama mlango. "Hakuna."

Nikanyamaza. Akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Watoto wote watatu walitimiza miezi. Wote walikuwa wakubwa, wazuri, mashavu yamejaa, nywele nyingi. Yule wa mwisho, mama mkwe wake alipombeba alisema amefanana na mtoto wa miezi miwili. Walicheza tumboni vizuri mpaka mwezi wa mwisho, kisha siku moja wakaacha kucheza, na walipozaliwa walikuwa wameshakufa.

"Na wale wenzako nje, mbona hawakukaa karibu yako?"

"Wanaogopa sisimizi, mama nesi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza. Kila akishika mimba, tumbo likianza kuonekana, sisimizi wanakuja nyumbani kwake Kwedizinga. Wanapita nyuma ya bafu, mstari mmoja. Hawaendi jikoni, hawagusi unga. Mtoto akishazaliwa mfu, wanaondoka. Hawafukuzwi na mtu. Baada ya siku chache ukienda kutazama, hakuna hata mmoja.

"Watu wanasema wanakuja kumfuata," akasema. "Wakishampata wanarudi kwao."

"Na safari hii?"

"Wameshakuja."

Nilipima mkojo wake. Ulikuwa safi. Nikamuuliza amekula nini asubuhi, akasema hajala, huwa hawezi kula kabla ya kutembea njia ndefu. Na mimba zile nyingine? Hivyo hivyo, kila siku ya kliniki alitoka nyumbani na njaa. Yaani kila mara aliyempima alimpima mtu aliyefunga. Nikamwambia nitakuja kwake, na nikafanya kama nilivyosema, kitu ambacho wagonjwa hawakizoei sana kutoka kwetu.

Nilifika mchana wa jua kali. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo, michungwa nyuma, ua umefagiwa. Kulikuwa kimya. Nyumba ya jirani ilikuwa karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa, lakini watoto wa kule walikuwa wanacheza upande wa pili, mbali na ua huu, na walikuwa wakicheza bila kelele. Mama mkwe, Bi Fatu, mwanamke mkavu mwenye macho makali, alitoka nyuma ya bafu na kopo la majivu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye nesi? Njoo uwaone mwenyewe."

Wadogo zangu, sisimizi nimewaona tangu nizaliwe. Hawa walikuwa wa kawaida, wadogo, wekundu. Lakini walikuja kutoka porini kwa mstari mmoja ulionyooka, wakapita kando ya kinu ambapo mahindi yalikuwa yamemwagika chini, hawakugeuka. Wakapita juu ya majivu ya Bi Fatu. Wakapenya chini ya ukuta wa makuti wa bafu, mpaka kwenye udongo mbichi ambako Mwajuma huenda haja ndogo. Hapo walikuwa wamejaa mpaka ardhi inaonekana inapumua. Bafu lilikuwa linatumiwa na watu wote wa nyumba ile. Upande mwingine wote hakukuwa na mdudu.

Nilijua ni nini. Niliwahi kusoma kwamba zamani watu waliutambua ugonjwa huu kwa njia hiyo hiyo. Na bado nywele za mikono yangu zilisimama.

"Wanajua kabla yetu," Bi Fatu akasema.

"Bibi, wanafuata sukari. Sukari imezidi kwenye damu ya Mwajuma, inamwagika kwenye mkojo."

"Sukari gani? Humu ndani chai tunakunywa bila sukari tangu juzi."

Wiki hiyo hiyo Mwajuma alikuja tukampima inavyotakiwa. Alikuwa hajala tangu jioni. Nikamtoboa kidole, nikaandika. Nikampa glukosi ndani ya maji, akainywa yote akiwa amekunja uso. Nikampima baada ya saa moja, na tena baada ya saa nyingine. Alikaa dirishani muda wote huo, akitazama nje. Namba ya kwanza ilikuwa juu kidogo. Mbili zilizofuata hazikuhitaji mwongozo kuzisoma.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine wengi. Kwamba kondo la nyuma linapokua, linazuia insulini ya mama isifanye kazi yake. Kwamba kwa wengi mwili unaongeza nguvu, kwa wengine unashindwa. Sukari inabaki kwenye damu, inavuka kwa mtoto, mtoto ananenepa kupita kiasi, na mwishoni anaweza kuchoka na kufa tumboni bila dalili yoyote. Kondo likishatoka, sukari inashuka yenyewe. Ndiyo maana wale wadudu waliondoka.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyekuwa anawamaliza alikuwa ndani yangu."

"Ni ugonjwa, Mwajuma. Si wewe."

"Lakini yuko ndani yangu."

Nikamshika mkono, nikamwambia tunaanza leo.

Tukaanza. Daktari wa wilaya alimwona, kijana mtulivu asiyependa maneno mengi, akatuambia tujaribu chakula kwanza. Ugali wa dona badala ya sembe, na kipande kisizidi ngumi. Mlenda na mchicha kwa wingi, maharage, dagaa, na chai bila sukari. Machungwa, ambayo yalikuwa yanadondoka pale nyuma ya nyumba bila mwenyewe, moja tu na si kwa kukamua. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na kutembea baada ya kula. Majirani walipomwona anazunguka ua kila baada ya chakula, midomo ikitikisika kwa sababu alikuwa anahesabu mizunguko, walizidi kumwogopa.

Chakula peke yake hakikutosha. Daktari akamwanzishia insulini. Nilimfundisha kujidunga kwa kutumia chungwa, kisha mwenyewe akajidunga pajani bila kupepesa. Friji hakuna, kwa hiyo tukaweka vichupa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, kwenye kona yenye giza ya chumba. Nilimwambia jambo moja zaidi ya yote: asijidunge halafu asile. Alilirudia mbele yangu.

Mume wake, Salimu, mkulima mpole, ndiye aliyekuwa akimwagia mchanga maji. Bi Fatu hakukigusa chungu kile. Alikuwa akipita mbali nacho.

Sukari ikashuka. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, nikampima, na namba zilikuwa zinanifurahisha. Siku moja nikaenda nyuma ya bafu kutazama. Mstari ulikuwa umekatika. Walibaki wachache wanazunguka zunguka kama waliopotea njia. Safari iliyofuata hawakuwepo kabisa. Udongo ulikuwa udongo tu.

Nilirudi uani nikicheka, nikamwambia Bi Fatu, "Umeona? Wamekwenda."

Yule bibi alinitazama, uso wake umekuwa na rangi ya majivu. "Wamekwenda mapema," akasema. "Wamekwenda naye yuko bado tumboni. Maana yake wameshamchukua."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mara tatu katika nyumba ile kuondoka kwa sisimizi kulimaanisha mtoto amekufa. Nilimlaza Mwajuma mkekani palepale, nikaweka fetoskopu tumboni, ile pembe ya mbao ya kusikilizia, nikainama. Nitasema kweli, sekunde zile kabla sijaupata moyo wa mtoto, niliamini kama Bi Fatu. Kisha nikausikia, unakwenda mbio kama kawaida yake. Nikamwekea Bi Fatu sikio lake kwenye pembe. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Nasikia kitu," akasema. "Lakini mtoto kweli ni huyo?"

Niliondoka pale sina raha.

Safari yangu iliyofuata nilizisikia sauti kabla sijafika. Si kelele. Ni wanawake wengi wanaonong'ona pamoja. Ilikuwa mchana, jua liko kichwani. Ua ulikuwa umejaa, wamekaa pembeni kuzunguka mkeka mmoja, na katikati ya mkeka alikuwa Mwajuma. Amekaa wima. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho kama imetolewa mtoni. Macho yalikuwa wazi na hayakunitazama.

Alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea na watu waliokaa kulia kwake, ambako hakukuwa na mtu, kwa sauti ya mama anayewagombeza watoto kwa upendo.

"Sogeeni. Sogeeni mpeni nafasi mwenzenu. Wewe mkubwa, mshike mkono huyo mdogo." Akawaita majina. Majina matatu, moja moja, akigeuza kichwa kidogo kila mara. Salimu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba watoto wale walizikwa bila kupewa majina, na kwamba yeye majina yale hajapata kuyasikia.

"Amepandisha," mwanamke mmoja akaniambia. "Usimguse."

"Amekula nini leo?" nikauliza. Wakatazamana. "Bi Fatu! Mwajuma amekula nini?"

"Hajala. Mganga amesema afunge mpaka jua lizame, ili sisimizi wamrudishe mtoto."

"Sindano je?"

Salimu akajibu, "Alijidunga alfajiri, kabla mama hajamwambia asile."

Nilimtoboa kidole. Hakuhisi. Mashine haikuandika namba yoyote. Iliandika zile herufi zake za kusema sukari iko chini kuliko inavyoweza kusoma. Sikuwa nimewahi kuziona herufi zile kwa mtu aliyekuwa bado amekaa.

"Nipeni sukari. Upesi. Na maji."

Hakuna aliyeinuka. Bi Fatu alikuja akasimama kati yangu na mlango wa jiko.

"Wewe ndiye uliyesema sukari ndiyo inayowaua," akasema. Hakupiga kelele. "Umeinyang'anya nyumba yangu chai ya sukari miezi yote hii. Leo unataka kumnywesha?"

"Bibi, sukari ikizidi inaua taratibu. Ikiisha inaua sasa hivi. Imeisha. Yule unayemwona pale ubongo wake una njaa."

"Anaongea na wanawe."

"Na usiponipa sukari atawafuata."

Tulitazamana. Nyuma yangu Mwajuma alicheka kidogo, cheko la mtu aliyetaniwa na mtoto. Nadhani ni cheko lile lililomhamisha Bi Fatu. Akaingia jikoni akatoka na sukari kwenye kikombe, nyingine ikimwagika njiani.

Nilichanganya, nikamwinua kidevu. Alikuwa bado anaweza kumeza. Kikombe cha kwanza nusu kilimwagikia kifuani. Cha pili alikimeza. Tukasubiri, mimi nimemshika. Jasho likaanza kukauka. Macho yakahama kutoka kule kulia, yakapita kwenye uso wangu, yakarudi.

"Mama nesi," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akageuka kulia kwake, akatazama mkeka mtupu. "Wameenda wapi?"

Kuna wanawake waliokimbia pale, na mmoja aliacha kiatu chake. Mimi nilimpa uji wa dona na yai, na nikabaki mpaka namba ikatulia. Sukari ikishuka namna ile mtu huona vitu na kusema vitu, mmeyasoma, na mimi nimeyafundisha. Hayo majina sikuwahi kumuuliza. Niliyasikia, ninayakumbuka, na sitayaandika.

Jioni hiyo nilikaa na Bi Fatu peke yetu. Sikumgombeza. Nilimwambia mimi sina ugomvi na hofu yake, lakini mtoto akibaki hapa mwezi wa mwisho hakuna mtu mwenye kifaa cha kumtazama kila siku. Inabidi Mwajuma akakae hospitali kubwa upande wa Korogwe, wamzalishe kabla ya ile siku inayowashinda. Akauliza, "Wadudu hawawezi kumfuata huko?"

"Huko kuna sakafu ya saruji, bibi."

"Basi nitakwenda naye."

Na kweli alikwenda, na mkeka wake, na kopo la majivu, ambalo manesi wa kule walimwomba aliweke nje.

Mimi nilikuwa na likizo, nikaja hapa nyumbani Makuyuni. Nilimtembelea mara kwa mara, mpaka asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo, kama siku ile ya benchi.

"Amenyamaza," akasema. "Tangu nilipoamka."

Bi Fatu alikuwa amejikunja sakafuni, amejifunika kanga kichwani. Nilimwita daktari. Wakamfunga mashine, wakausikia moyo, lakini ulikuwa unashuka na kuchelewa kupanda. Daktari alisema wasisubiri, wamfanyie upasuaji. Kwa kuwa alinifahamu, alinipa gauni la kijani nimpokee mtoto.

Mwajuma alichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, alikuwa macho, pazia limewekwa kifuani asione. Chumba kile ni baridi na kina mwanga mweupe usio na kivuli. Mtoto alitoka mkubwa, mwekundu, nywele zimejaa, mashavu yamejaa. Alikuwa kama nilivyosimuliwa. Alilala mikononi mwangu hatikisiki. Nikamfuta kwa nguvu, mgongo, nyayo. Nikamsugua. Kisha akakunja uso, akafungua mdomo, akalia.

Nyuma ya pazia Mwajuma akauliza, kwa adabu kabisa, "Nani huyo analia?"

"Ni wako."

"Hapana," akasema. "Huyo ni wa mtu mwingine." Ilibidi nimlete mpaka shavuni mwake.

Haikuishia hapo, na hili lishikeni. Mtoto aliyezoea sukari nyingi tumboni, akitoka, yake inashuka ghafla. Saa moja haikupita akaanza kutetemeka midomo na kulegea. Tulimtoboa kisigino, ilikuwa chini. Tukakamua yale maziwa ya kwanza ya njano, tukamnywesha kwa kikombe, tone kwa tone, Bi Fatu ameshika kikombe. Tukampima tena na tena mpaka ikashika. Mtoto wa kiume. Walimwita Athumani.

Baada ya wiki sita Mwajuma alitakiwa kurudi kituoni apimwe. Hakuja. Nilimpima baadaye, na niseme kabisa kabla sijasahau: sukari ilikuwa imerudi sawa, kama inavyofanya kwa wengi, na nikamwambia apimwe kila mwaka na mapema sana akishika mimba, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi. Lakini siku ile hakuja, na mimi nikaondoka kwenda Kwedizinga na moyo mzito.

Ua ulikuwa kimya. Sikusikia mtoto. Niliita hodi, hakuna aliyeitika. Nikaingia.

Mwajuma alikuwa amekaa sakafuni kando ya mtoto. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Mtoto alikuwa amelala. Niliona kifua chake kinapanda na kushuka, nikaweza kupumua. Kabla sijasema neno, Mwajuma alinyoosha kidole akamfinya unyayo. Mtoto akashtuka, akalia. Akambembeleza, akamnyonyesha, mtoto akaanza kusinzia. Akamfinya tena.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Akifumba macho anafanana nao," akasema. "Wale nilionyeshwa wamefumba. Huyu nikimwamsha najua ni yeye."

Bi Fatu alikuwa mlangoni nyuma yangu. "Wiki zote sita," akaninong'oneza. "Hajalala. Na mtoto hamwachi alale."

Nilivua viatu nikakaa sakafuni upande wa pili wa mtoto. Nikamshika Mwajuma ule mkono, nikaushika vizuri. Nikamwambia tutamtazama wote wawili, na kwamba safari hii hatamwamsha mtu. Bi Fatu naye akaja akakaa.

Mtoto akafumba macho. Uso ukalegea, ukawa mzuri, ukawa mkimya kabisa, na mkono wa Mwajuma ukawa unavuta ndani ya wangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Sikumwachia. Nje jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nilikuwa ninamtazama mtoto aliyelala, mzima, mwenye afya, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa wodini.

Kisha Athumani akajinyoosha mwenyewe, akapiga miayo, akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayeshangaa wageni. Mwajuma alimtazama. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Akajilaza palepale sakafuni kando yake, akafumba macho yeye, na akalala.